Tope la mvua hula faida ya mjenzi: Namna ya kutuliza, kuchuja na kutoa maji ya saiti Ngokolo

WAFANYABIASHARA wengi wa mji wa Shinyanga hujenga kwa kufuata fedha, si kwa kufuata mvua. Fedha za pamba huanza kuingia mifukoni katikati ya mwaka, msimu wa ununuzi unapofunguliwa, na zile za dhahabu ya Geita na Kahama huzunguka mjini wakati wowote. Matokeo yake ni kwamba kiwanja hununuliwa Julai au Agosti, saruji na nondo hukusanywa Septemba na msingi huchimbwa Oktoba. Novemba mvua inafika na kukuta shimo liko wazi.

Hapo ndipo hesabu za ujenzi zinapoanza kuvurugika. Katika kata ya Ngokolo, ambako fremu za maduka, nyumba za kupangisha na nyumba za wageni zimesogeleana, maji ya mvua yanayotoka kwenye saiti moja hayana mahali pa kujificha. Hubeba mchanga uliolipiwa, huziba mtaro wa mtaa, kisha huingia kwa jirani yakiwa na rangi ya kahawia. Mwenye saiti hupata hasara ya kwanza, jirani ya pili, na mwenye duka lililo chini ya mtaro hupata ya tatu.

Pamoja na hayo, ni nadra kukuta kifungu cha maji ya mvua katika mchanganuo wa gharama wa majengo madogo. Kuna saruji, nondo, mbao, mabati, misumari na ujira wa fundi, lakini kazi ya kuzuia, kutuliza, kuchuja na kutoa maji machafu haimo. Huachwa hadi siku ya mvua, na siku hiyo dawa huwa ni moja tu: kukodi pampu na kuyasukumia maji barabarani.

Makala haya yanaeleza kwa nini dawa hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana, na nini kinaweza kufanyika kwa vifaa vinavyopatikana mjini Shinyanga.

HESABU YA MAJI

Kanuni ya kuanzia ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba, ni lita 1 ya maji. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Mvua moja nzito ya milimita 40 ikipiga kiwanja hicho, huwa imemwaga lita 24,000.

Si maji yote yanayotiririka. Mengine huzama ardhini. Lakini ardhi ya saiti imekanyagwa na magari, nyasi zimeondolewa na udongo umeshindiliwa. Tukichukua kuwa asilimia 60 ya maji hayo hutiririka, mwenye kiwanja atakuwa na lita 14,400 zinazotafuta njia ya kutoka. Huo ni mzigo unaozidi boza la lita 10,000, nao huja ndani ya muda mfupi.

Mkoa wa Shinyanga hupata kwa kawaida kati ya milimita 600 na 900 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Mei. Mvua si nyingi ukilinganisha na Bukoba, lakini huja kwa vishindo baada ya miezi ya ukame, wakati ardhi iko tupu. Ndiyo maana mji unaolalamikia uhaba wa maji mwezi wa tisa unaweza kulalamikia mafuriko mwezi wa kumi na mbili.

Sasa tuhesabu tope. Kila lita ya maji hayo ikibeba gramu 5 za udongo, lita 14,400 zitaondoka na kilo 72, yaani zaidi ya mfuko mmoja wa saruji kwa uzito. Mvua kumi za namna hiyo ni kilo 720. Sehemu yake ni mchanga wa kujengea uliokuwa umerundikwa kando ya mtaro, na sehemu ni kifusi kilicholipiwa kwa tripu.

UDONGO WA SHINYANGA HAUCHUJIKI KIRAHISI

Wapo mafundi wanaodhani kazi yote ni kuweka viroba mdomoni mwa mtaro ili vichuje. Viroba hivyo husaidia kwa mchanga. Kwa mfinyanzi, havisaidii.

Wasukuma wamekuwa na majina ya udongo wao tangu zamani, na majina hayo yana maana kubwa kwa mjenzi. Luseni ni mchanga wa miinuko, maji huzama humo kwa haraka. Ibambasi ni udongo wenye tabaka gumu chini, maji hufika hapo na kugoma. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Katika Usukuma mtu anaweza kuzikuta aina hizi ndani ya mwendo mfupi, kutoka kwenye mwinuko hadi bondeni.

Tofauti yake huonekana katika kasi ya kutulia. Katika maji yaliyotulia kabisa, chembe ya mchanga mwembamba yenye upana wa milimita 0.1 huzama mita 1 kwa kiasi cha dakika 2. Chembe yenye milimita 0.01 huhitaji kiasi cha saa 3. Chembe ya mfinyanzi yenye milimita 0.001 huhitaji karibu siku 13, na nyingine ndogo zaidi hazizami kabisa bila msaada.

Kwa maneno mengine, mwenye saiti kwenye luseni anaweza kuchimba shimo dogo, akasubiri saa chache na kutoa maji yaliyo safi kiasi. Mwenye saiti kwenye mbuga akisubiri saa hizo hizo atatoa maji yale yale meusi. Huyu anahitaji shimo kubwa zaidi, muda mrefu zaidi, na dawa ya kugandisha tope.

HATUA YA KWANZA: MAJI SAFI YASIINGIE

Jambo la bei nafuu kuliko yote ni kuzuia maji ya nje yasiingie saiti. Maji yanayotoka kwenye paa la jirani au mtaa wa juu bado ni masafi yanapofika mpakani. Yakiingia kwenye shimo la msingi huwa mzigo wa mwenye shimo.

Mtaro mdogo wa kukingia, wenye kina cha sentimita 30 hivi na tuta upande wa chini, huyazungusha maji hayo na kuyarudisha kwenye mkondo wake bila kugusa ardhi iliyochimbuliwa. Kazi hiyo ni ya vibarua wawili kwa siku moja au mbili kwenye kiwanja cha kawaida. Kila lita inayozungushwa ni lita isiyohitaji kutulizwa, kuchujwa wala kusukumwa kwa petroli.

HATUA YA PILI: UDONGO USING'OKE

Mkoa wa Shinyanga una somo lake katika jambo hili. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, baada ya sehemu kubwa ya mkoa kubaki tupu kutokana na ukataji miti na mifugo mingi. Mpango huo ulijengwa juu ya desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa ili nyasi na miti viote. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Kanuni ya ngitili ndiyo kanuni ya saiti: ardhi iliyofunikwa haibebwi na maji. Mjenzi hana haja ya kufyeka kiwanja chote siku ya kwanza. Nyasi za sehemu ambayo haijafikiwa zibaki. Ukanda wa nyasi wenye upana wa mita chache upande wa chini wa kiwanja hupunguza kasi ya maji na kukamata mchanga bila gharama.

Rundo la mchanga na la kifusi yafunikwe kwa turubai na yakae mbali na mtaro. Pale ambapo kazi itasimama kwa wiki kadhaa, majani makavu au mabua yatandazwe juu ya udongo ulio wazi. Ndani ya mitaro ya saiti yawekwe matuta madogo ya mawe kila baada ya mita chache ili maji yashuke kwa ngazi badala ya kukimbia.

HATUA YA TATU: SHIMO LA KUTULIZIA

Maji yaliyokwisha kuchafuka yapelekwe kwenye shimo moja, si yaachwe yazagae. Ukubwa wa shimo hilo unaweza kukadiriwa. Marekani, ambako vibali vya maji ya mvua katika maeneo ya ujenzi vilianza miaka ya mwanzo ya 1990, kipimo kimojawapo kinachokubalika ni futi za ujazo 3,600 kwa kila ekari inayoleta maji, sawa na mita za ujazo 252 kwa hekta. Kwa kiwanja cha mita za mraba 600 hiyo ni mita za ujazo 15 hivi, kiasi kinachokaribia sana lita 14,400 za mfano wetu.

Shimo la mita 5 kwa 3, kina mita 1, linatosha. Liwe refu kuliko upana wake, maji yaingilie upande mmoja na kutokea upande wa pili, ili yasikatishe njia kabla ya kutulia. Kizuizi cha mbao au viroba katikati yake husaidia kuyachelewesha.

Mahali pa shimo ni suala la usalama wa jengo. Likichimbwa kando ya msingi kwenye udongo wa mbuga, litaulowesha udongo huo, utavimba, kisha utasinyaa kiangazi kikija, na nyufa zitapanda ukutani. Shimo likae upande wa chini wa kiwanja, mbali na msingi na mbali na ukuta wa jirani.

Liwekewe uzio. Shimo la maji lisilo na uzio ni mtego kwa watoto. Aidha, likikaa na maji muda mrefu huzaa mbu, hivyo ratiba nzuri ni kulimaliza ndani ya siku tatu baada ya mvua. Tope la chini lichotwe linapofika theluthi ya kina, likaushwe na kutumika kujazia ndani ya kiwanja.

HATUA YA NNE: SHABU NA KUCHUJA

Kwa mfinyanzi ambao hautulii, ipo dawa ambayo wakazi wa vijijini wameitumia kwa maji ya kunywa miaka mingi: shabu. Chembe za mfinyanzi hukataana kwa sababu zina chaji ya umeme inayofanana. Shabu huvunja ukinzani huo, chembe hushikana na kuwa mabonge, na mabonge huzama. Mbegu za mlonge zilizosagwa hufanya kazi kama hiyo, ingawa kwa saiti shabu ni rahisi zaidi kupima.

Kosa la kawaida ni kuitupa kwa kukisia. Kipimo hupatikana kwa chupa tano za lita moja zilizojazwa maji ya shimo. Gramu 10 za shabu huyeyushwa katika lita 1 ya maji safi, hivyo kila mililita 1 ya maji hayo ina miligramu 10 za shabu. Kwa bomba la sindano, chupa ya kwanza hupewa mililita 2, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8 na ya tano 10. Zote hutikiswa, kisha huachwa kwa nusu saa.

Chupa ya kwanza kung'aa kwa dozi ndogo kuliko nyingine ndiyo kipimo. Ikiwa ni ya pili, maana yake ni miligramu 40 kwa lita. Kwa shimo lenye lita 15,000, hiyo ni gramu 600 tu za shabu, zinazoyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kumwagwa kidogo kidogo huku maji yakikorogwa. Kama hakuna chupa iliyong'aa, maji yaachwe yatulie zaidi kwanza, kisha kipimo kirudiwe. Shabu nyingi kupita kiasi huyafanya maji kuwa na uchachu, hivyo kuongeza bila kupima si uangalifu.

Baada ya kutulia ndipo kuchuja kunapokuja. Mpira wa kuvutia maji usifike chini ya shimo. Ufungwe kwenye dumu tupu linaloelea ili pampu ivute maji ya juu yaliyo safi. Kutoka hapo maji yapite kwenye tuta la kokoto na mchanga, au kwenye mfuko maalumu wa kuchujia uliolazwa juu ya kitanda cha kokoto. Mfuko huo hukamata mchanga na mabonge ya tope. Usitarajiwe kukamata mfinyanzi ambao haujagandishwa, maana matundu yake ni makubwa kuliko chembe hizo.

HATUA YA TANO: KUTOA TARATIBU

Pampu ya petroli ya inchi 2 inaweza kutoa karibu lita 500 kwa dakika. Ikifunguliwa yote, italimaliza shimo kwa nusu saa, na mtaro wa mtaa utachimbika. Ipunguzwe, na mdomo wa mpira uwekwe juu ya mawe ili nguvu ya maji ivunjike kabla ya kugusa udongo.

Maji yasielekezwe kwenye choo, shimo la maji taka, barabara wala kiwanja cha mtu. Na kabla ya kuyatoa, mjenzi ajiulize kama anayahitaji. Maji yaliyotulia yanafaa kwa kulowesha kifusi kinaposhindiliwa na kutuliza vumbi. Maji ya bomba, ambayo mjini Shinyanga yanatoka Ziwa Victoria, yabaki kwa kuchanganyia zege.

Jambo moja litengwe kabisa: maji ya kuoshea mashine na vyombo vya zege. Saruji huyafanya yawe makali kama magadi, yenye kiwango cha pH cha 12 hivi, yakifika mtoni huua samaki. Yawe na shimo lake dogo lililotandikwa nailoni, yaachwe yakauke, na mabaki yake yavunjwe na kutumika kama kifusi.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zote zinagusa utoaji wa maji machafu. Kutoa maji taka kwenye mto au chanzo cha maji ni jambo la kibali, na kwa mto Manonga na matawi yake mhusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Kati.

Viwango vya Tanzania vya maji taka ya viwanda na miji vinaweka ukomo wa miligramu 100 za vitu vinavyoelea kwa lita, ukungu usiozidi vipimo 300 vya NTU, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Hata pale ambapo mkaguzi hajafika, viwango hivyo ni rula nzuri. Katika mfano wetu wa gramu 5 kwa lita, saiti ilikuwa imezidi ukomo mara 50. Ikifikia kiwango, tope linaloondoka katika mvua moja hushuka kutoka kilo 72 hadi chini ya kilo moja na nusu.

Kwa miradi mikubwa masharti huwa ndani ya cheti cha mazingira na mkataba wa mkopo. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilometa 341 pamoja na njia za kupishana, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, inapita mkoani Shinyanga. Mkandarasi mdogo anayetaka kazi za vipande kwenye miradi ya aina hiyo hukutana na masharti ya tope na maji kwenye karatasi za zabuni. Anayeyajua huweka bei sahihi. Asiyeyajua huweka bei ya chini, hupata kazi, kisha huila faida yake mwenyewe.

HASARA ZILIZOKWISHA ONEKANA

Wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa hawahitaji mifano ya mbali. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliharibu vibaya Reli ya Kati katika eneo la Kilosa hadi Gulwe. Huko mito hushuka na mchanga mwingi, hupandisha kitanda chake na kuziba njia za maji chini ya reli. Mzigo uliokuwa uje kwa treni ulilazimika kutafuta malori, na tofauti ya nauli iliishia kwenye bei ya bidhaa.

Karibu zaidi ni Mwadui, katika wilaya ya Kishapu. Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Williamson ulipasuka, na maji yenye tope yakaingia kwenye makazi na mashamba ya vijiji jirani. Hakuna aliyeripotiwa kufa. Uzalishaji ulisimama na haukurejea hadi Julai 2023, baada ya kujengwa bwawa jingine. Petra Diamonds, kampuni iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo na iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la London, ililazimika kuwaeleza wanahisa wake habari za tope kwa miezi kadhaa.

Bwawa la mgodi si shimo la mita 5 kwa 3. Hata hivyo, somo la mwekezaji ni lile lile. Maji na tope visivyo na mahali palipopangwa hujitafutia mahali, na gharama ya siku hiyo haikuwemo kwenye bajeti.

TAHADHARI KWA WANAOJENGA MITAMBO YA DHAHABU

Wapo wakazi wa Shinyanga wanaowekeza kwenye makarasha na mitambo ya kuchenjulia marudio huko Kahama na Geita. Kwao hatua zilizoelezwa hapa hazitoshi. Shimo la kutulizia na shabu huondoa tope, na pamoja nalo sehemu ya zebaki iliyoshikamana na tope. Haviondoi sianidi iliyoyeyuka ndani ya maji.

Maji ya mvua yaliyogusa marudio si maji ya mvua tena, ni maji ya mgodi. Yasitolewe nje hata yakionekana meupe. Katika mitambo hiyo hatua ya kwanza, ya kuzuia mvua isiingie, ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwa sababu hiyo hiyo, mjenzi wa Ngokolo asikubali kuletewa mchanga au kifusi cha bei poa kilichotoka mialoni.

HESABU YA FEDHA

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyekopa sh. milioni 30 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ili ajenge fremu nne. Riba hiyo ni sh. milioni 5.4 kwa mwaka, au takribani sh. 14,800 kila siku, iwe mafundi wako kazini au wamekaa. Shimo la msingi likijaa maji na kazi ikasimama siku 12, amelipa zaidi ya sh. 177,000 kwa benki bila kupanga tofali hata moja. Bado hajahesabu kodi ya pampu, petroli, kuchimba upya kuta za shimo zilizoporomoka, kifusi kilichosombwa, na kodi ya fremu iliyochelewa kuanza kuingia.

Upande wa pili wa mizani kuna siku chache za vibarua, tripu ya mawe na kokoto ambayo baadaye itaingia kwenye jengo lenyewe, turubai linaloweza kutumika tena, viroba, dumu moja na chini ya kilo moja ya shabu kwa kila shimo linalotulizwa. Vitu vikubwa katika orodha hiyo havipotei. Tofauti iko katika wakati: vikinunuliwa Septemba ni matayarisho, vikinunuliwa Desemba ni dharura, na dharura hununuliwa kwa bei ya muuzaji.

Kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa pana soko. Turubai, mipira ya pampu, nailoni nzito na viroba huulizwa kwa wingi mvua ikishaanza. Mwenye kuziweka pamoja kama fungu moja kabla ya Novemba, pamoja na maelezo ya matumizi, atakuwa anauza utulivu na si bidhaa tu.

MASWALI KABLA YA KUSAINI

Mwekezaji mdogo anayeingia ubia wa jengo, au anayekabidhi kiwanja kwa mkandarasi, anashauriwa kupata majibu ya maswali haya kwa maandishi:

1. Kiwanja kiko kwenye luseni, ibambasi au mbuga?

2. Maji ya mitaa ya juu yanapita wapi, na nani atachimba mtaro wa kuyazungusha?

3. Shimo la kutulizia litakuwa wapi, ukubwa gani, na litawekewa uzio na nani?

4. Maji yatatolewa kwenda wapi, na je, jirani wa chini na ofisi ya mtaa wanajua?

5. Mtaro wa mtaa ukizibwa na tope la saiti, nani atauzibua na kwa fedha ya nani?

6. Kazi hizo zina kifungu chake kwenye mchanganuo wa gharama, au zimefichwa ndani ya "mengineyo"?

Swali la sita ndilo linalopima mengine matano. Kazi isiyo na kifungu haina fedha, na isiyo na fedha haitafanyika hadi mvua ianze. Mkandarasi anayejibu kwamba maji "yatajiendea yenyewe" amesema kweli. Yatajiendea, na yatakwenda na mchanga wa mwenye kiwanja.